Katembo, Mdudu wa Tano wa Kasugho

Siku yangu ya kwanza ya kazi nilitupa kazi ya miezi mitatu katika shimo la takataka.

Nilikuwa nimeajiriwa kufagia. Kituo chetu kilikuwa juu ya kilima, nje kidogo ya Butembo, nyumba za matofali ya zamani zenye mabati yaliyokula kutu, na kazi yake ilikuwa kuangalia magonjwa ya kahawa na wadudu wa mashamba. Mimi shule niliacha mwaka wa nne wa msingi, baba alipokufa. Hawakuniuliza mengi. Wakanipa ufagio, wakanionyesha labo, yaani maabara. Juu ya meza nikakuta karatasi nyeupe na juu yake vidudu vyeusi vimekauka, vidogo kama mbegu za mboga ya lengalenga. Nikafikiri vimeanguka kutoka darini. Nikakung'uta karatasi, nikapiga ufagio, nikabeba yote mpaka shimoni, nikarudi kufurahia meza inavyong'aa.

Shefu wa Labo akaingia. Jina lake Anselme Kitsa, mtu mfupi, kofia ya sufu ya kahawia kichwani hata jua likiwaka. Akatazama meza. Akainama akatazama chini ya meza.

"Mama, bile bidudu biko wapi?"

"Nimetupa, Papa. Bilikuwa bimekufa."

"Bilikuwa bimekufa," akarudia polepole. "Na wewe ulifikiri mimi niko nangojea bifufuke?"

Hakunifukuza. Alinipa beseni na pensi, yaani kikoleo chembamba cha kushikia kitu kidogo, akanipeleka mwenyewe mpaka shimoni. Siku tatu nilichagua wadudu katikati ya majivu na maganda ya ndizi. Siku ya kwanza nililia. Siku ya pili nilianza kuona kwamba huyu si yule. Siku ya tatu nilikuwa nawatenga kwa mafungu bila kuambiwa, wenye pembe upande huu, wenye miguu ya nywele upande ule. Shefu alisimama nyuma yangu kitambo kirefu.

"Kahindo," akasema, "kufagia tutatafuta mwengine. Wewe uko na macho."

Ndivyo nilivyoingia katika kazi hii. Nawaandikia ninyi vijana mnaosoma wadudu kwenye mashine, ili mjue sisi tulivyofanya kwa mkono.

Tulikuwa na mitego ya kikombe: unazika kikombe mpaka ukingo ulingane na udongo, mdudu anatembea, anaanguka. Tulikuwa na chekeche la kuchekecha majani yaliyooza juu ya kitambaa cheupe. Tulikuwa na kichupa chenye mipira miwili: mmoja unauweka mdomoni, mwingine unauelekeza kwa mdudu, unavuta pumzi, naye anaingia chupani. Ndani ya mpira wa mdomoni kuna kipande cha chandarua ili mdudu asifike kooni. Nilisahau kukiweka mara moja tu. Shefu aliniuliza kama nimeshiba.

Halafu unamtia katika alkoli, unamkausha, unambandika kwa gundi kwenye ncha ya kikaratasi, kikaratasi unakichoma sindano. Chini yake, kwenye sindano ile ile, unaweka etiketi. Etiketi ina mistari mitatu. Wa kwanza nchi na mkoa. Wa pili mahali, mita kutoka usawa wa bahari, na tarehe. Wa tatu jina la mtu ambaye mkono wake ndio uliomshika. Si jina la mkubwa wake, si la mwenye gari. Mkono uliomshika.

Sheria za labo zilikuwa mbili. Ya kwanza: mdudu bila etiketi ni takataka, hata awe mzuri namna gani, na etiketi husema jinsi ilivyokuwa siku ile, si jinsi unavyotaka. Ya pili ilikuwa juu ya samaki. Samaki kavu hakuingia labo, hata kichwa, hata mkebe uliowahi kumbeba. Ndani ya samaki kavu mnakaa viwavi vya manyoya ambavyo vinakula chochote kilichowahi kuishi kikakauka. Vikiingia katika sanduku la wadudu, unafungua unakuta sindano zimesimama peke yake. Mwenzetu mmoja alileta tilapia mkavu wa Kyavinyonge, kule ziwani, wa kula saa sita. Shefu alimtoa nje pamoja na samaki wake, mvua inanyesha.

Katika wadudu wote, Shefu alipenda ukoo mmoja ambao Wafaransa wanauita staphylin. Sisi tuliuita Koti Fupi. Mbawakawa wa kawaida ana ganda gumu linalofunika mgongo wote. Huyu ganda lake linaishia juu ya kiuno, kama mwanafunzi aliyerefuka kabla mama yake hajapata kitambaa cha uniforme nyingine, na tumbo lote linabaki nje. Ukimgusa anapindua mkia juu. Watu wanadhani hana mabawa. Siku Shefu aliponiweka kwenye mikroskopi mara ya kwanza, alinionyesha mmoja aliye hai. Kutoka chini ya lile koti dogo yalitoka mabawa marefu kupita mwili wake, meupe, membamba kuliko ngozi ya kitunguu. Kisha akayakunja. Aliyasukuma kwa mkia, kushoto, kulia, kushoto, mkunjo juu ya mkunjo, mpaka yakaingia yote katika nafasi ndogo kuliko punje ya mchele. Nilitoa jicho, nikarudisha.

"Nani amemufundisha?" nikauliza.

"Njo kile nangojea mutu aniambie, miaka makumi mbili sasa," Shefu akasema.

Nilikuwa mtu wa kanisa tangu mtoto, lakini nadhani siku ile ndipo nilipoanza kusali.

Safari ya Kasugho ilikuwa siku za mwisho kabla ya vita ya kwanza. Nchi ilikuwa bado inaitwa Zaïre. Tulitumwa kuangalia kahawa ya watu wanaolima ukingoni mwa msitu, tukakuta njia ya siafu imekata shamba, nene kama mkono wangu. Watu walikuwa wanaikimbia. Shefu alipiga magoti kando yake.

"Angaria yule," akasema. "Si huyo. Yule."

Sikuona kitu. Siafu maelfu, wote wekundu, wote mbio. Mpaka mmoja akapinda mkia.

Hakuwa siafu. Alikuwa na rangi yao, kiuno chao kilichobanwa, mwendo wao, lakini juu ya kiuno kulikuwa na lile koti fupi. Alikuwa anatembea katikati ya jeshi linalokula kila kitu, nyoka, vifaranga vya kuku, na hakuna aliyemgusa. Siafu mkubwa wa meno alikutana naye, wakagusana pembe za kupapasia, akampisha. Shefu alivua kofia yake ya sufu. Sikuwa nimewahi kuona kichwa chake. Alikuwa na upara.

"Huyu hana jina," akasema. "Kahindo, tangu dunia imeumbwa, hakuna mutu amekwisha kumupa jina."

Kumtoa si mchezo. Siafu wanapanda mikono, wanauma, ukiwavuta kiwiliwili kinatoka kichwa kinabaki. Siku ya kwanza Shefu alimpata mmoja kwenye kijito. Siku ya pili wawili, kijito kile kile. Siku ya tatu mmoja chini ya gogo kubwa. Siku ya nne malaria ikamwangusha, akabaki amelala kwa katekista wa kijiji. Nikapanda peke yangu mpaka mgongo wa mlima, nikaifuata njia ya siafu toka asubuhi mpaka jua la saa tisa, na huko juu nikamshika wa tano kwa mkono wangu. Alama za meno ninazo mpaka leo, hapa juu ya kiwiko.

Nilipomletea, Shefu alikuwa anatetemeka chini ya blanketi mbili. Akafungua jicho moja. "Mwanaume?" Nikasema mwanaume. "Basi wako batano. Na kwetu mutu akizaa batano banaume, majina hatafuti."

Kwetu Wanande jina linafuata zamu ya kuzaliwa. Mvulana wa kwanza Paluku, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule, wa tano Katembo. Basi mdudu asiyekuwa na jina akawa na majina matano. Labo hatukusema namba. Tulisema, nipe Kasereka, mfunike Kakule asiingie vumbi.

Kumwandika mdudu mpya ni kazi ya miaka. Lazima uhakikishe kwamba hakuna mwingine duniani aliyekwisha kumwandika, kwa hiyo barua zinakwenda, vitabu vinakuja au havifiki. Kisha unamchagua mmoja awe mfano, ule ambao dunia nzima itaurudia ikiwa na shaka. Wanauita holotype. Tulimchagua Paluku. Kisha unamwandika kuanzia pembe mpaka mkia. Shefu aliweka jicho kwenye mikroskopi, mimi nikashika daftari, na tukabishana.

"Rangi gani?" aliniuliza.

"Ganda la karanga ya kukaanga."

"Ile ya ndani ao ya inje?"

"Ya ndani. Lakini karanga ambayo imeungua kidogo."

Akaniandikisha brun-rouge, yaani kahawia-nyekundu, akasema Kifaransa ni lugha ya watu wasiokaanga karanga.

Jambo la mwisho ni uume. Msicheke. Wadudu wawili wanaweza kufanana kila kitu, lakini kile kiungo cha kiume, kidogo kuliko chembe ya chumvi, kila namna ya mdudu ina chake, kama ufunguo na kufuli. Shefu alikitoa kwa Paluku kwa sindano mbili, bila kupumua. Kilikuwa kama mtungi, na mdomoni mwake ndoano mbili zimepindana. Alikichora kwa wino, karatasi nzima. Nilikaa na ule mchoro kama mtu anayekaa mbele ya picha ya mtakatifu. Kitu kidogo vile, na aliyekitengeneza hakukosea ndoano.

Vita ya kwanza ilipita juu yetu sisi tunaandika. Nchi ikabadilishwa jina. Ya pili ilipokuja, kazi ilikuwa imekamilika. Ilibaki kumpa mtu anayeweza kuitoa nje ya nchi ikachapishwe. Shefu alikuwa amepata habari kwamba Profesa mmoja wa wadudu, aliyekuwa Kisangani, angepita Beni kutafuta ndege ya kwenda Kampala.

Sasa niwataje watu.

Mkurugenzi wa kituo aliitwa Safari. Alikuwa na diploma ukutani na funguo zote kiunoni. Askari walipoweka kambi karibu nasi, ni yeye aliyewapelekea mikroskopi, nao wakaibadilisha kwa bati na mbuzi. Ni yeye aliyewapelekea bidoni ya alkoli ya labo, wakainywa pamoja na wadudu waliokuwa ndani. Shefu alimwambia mbele ya wafanyakazi wote, "Directeur, wewe ni muzigo ya siafu, banakubeba sababu banataka kukukula." Watu walicheka. Safari hakucheka.

Kiongozi wa wale askari alijiita Komanda Radi. Jina lake la kuzaliwa silijui, lakini uso wake naujua.

Shefu aliondoka kwenda Beni asubuhi moja ya Jumatatu kuuliza juu ya Profesa. Alibeba maandishi yote, mchoro, na daftari la etiketi. Wadudu aliniachia mimi. Alhamisi dereva wa lori akaniambia, "Mama, muzee wako bamemukamata ku bariere." Nilivaa kitambaa changu cha kanisa nikaenda.

Bariere ilikuwa mti mmoja juu ya vigogo viwili, na kando yake kibanda. Komanda Radi alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki. Nyuma yake, ukutani, walikuwa wametundika mchoro wa Shefu.

"Njo wewe bibi yake?" akauliza.

"Mimi ni mufanyakazi wake, mon commandant."

"Donc utatuelezea." Akagonga mchoro kwa fimbo. "Hii ni plan ya nini? Ya roketi?"

"Hapana. Ni uume wa mududu."

Askari walianguka kicheko. Mmoja akasema kwa Lingala kwamba Mnande hata ya mdudu anaipima kwanza. Radi alingoja wamalize.

"Na hii?" Akafungua daftari. "Mita elfu moja mia saba. Mita elfu moja mia nane. Tarehe. Majina ya milima. Na hapa imeandikwa Zaïre. Nchi gani hiyo? Nani anaitumia hiyo jina sasa?"

"Batu bale walikuwa katika nchi ile wakati bile bidudu bilikamatwa. Etiketi inasema namna ilikuwa siku ile."

"Mama, directeur wenu mwenyewe anaandika kwamba huyu muzee anapeleka code kwa adui." Akanionyesha barua. Sikuhitaji kuisoma. Muhuri ulikuwa wa kituo, na sahihi ya Safari, ile yenye mkia mrefu, niliijua toka karatasi zetu zote za kazi.

Nikauliza Shefu yuko wapi. Askari aliyekuwa ameshika kamba ya bariere aligeuka kuangalia barabara, na juu ya kichwa chake nikaona kofia ya sufu ya kahawia.

Sikuuliza tena.

Nilirudi Butembo kwa miguu sehemu kubwa. Nyumbani nilifunga mlango nikafungua kisanduku alichoniachia Shefu. Watano walikuwa wamesimama kwenye sindano zao, kila mmoja na etiketi yake. Mistari mitatu: nchi iliyokufa, mita, tarehe, jina. Nilielewa kwamba ile karatasi ndogo ndiyo iliyomwua. Na nilielewa kwamba bila ile karatasi wadudu ni takataka. Nikawatoa etiketi mmoja mmoja, nikasoma kila moja mpaka nikaishika kama sala ya Salamu Maria. Paluku wa kijito. Kambale wa kijito, siku iliyofuata. Kasereka ndugu yake, mahali pale pale. Kakule wa gogo. Katembo wa mgongo wa mlima. Kisha nikazitia motoni. Kilichobaki ni zamu ya kuzaliwa, kutoka kushoto kwenda kulia.

Kupita bariere niwafikishe kwa Profesa Beni, nilihitaji mahali pa kuwaficha ambapo askari hatatia mkono. Tanti Masika, dada ya baba, alikuwa mchuuzi wa samaki Beni, na wakati ule alikuwa Butembo kuchukua mzigo. Samaki kavu wa ziwani wananuka, wana miiba, na askari huwachukua wale wa juu tu. Kisanduku changu kilikuwa kidogo kama kitabu cha nyimbo. Tukakifunga katika gazeti tukakitia chini kabisa ya kikapu.

Naona mmekwisha kuelewa. Mimi sikuelewa. Mtu aliyefundishwa miaka, aliyemwona mwenzake akitolewa kwenye mvua kwa sababu ya tilapia mmoja. Niliwaza juu ya askari tu. Niliogopa kitu kikubwa, nikasahau kidogo.

Tulipita. Radi mwenyewe alichagua samaki wanne wa juu, akasema wamekauka vizuri.

Beni, Profesa hakuwa amefika. Tungoje, walisema parokiani. Askari walikuwa wanaingia nyumba kwa nyumba, kwa hiyo nilikiacha kisanduku mle mle chini ya kikapu. Tanti alinicheka kila siku. "Batu banaficha feza, banaficha binti zao. Wewe unaficha bidudu. Wakikuua, nitaambia jamaa umekufa juu ya nini?"

"Juu ya Katembo na ndugu zake."

"Nitasema ni malaria," Tanti akajibu.

Wiki ya nne Profesa alifika. Mtu mrefu, amekonda, koti la suti juu ya suruali ya michezo, viatu vimefungwa kwa waya. Tulikaa katika ukumbi wa parokia. Niliweka kisanduku mezani, nikafungua.

Paluku alikuwa sindano. Kambale sindano. Kasereka sindano na mguu mmoja. Kakule alikuwa na kichwa, na chini yake unga wa kahawia, na ndani ya unga kiwavi cha manyoya, kimeshiba, kinatembea kwa starehe yake. Kwenye sindano ya tano, kulia kabisa, Katembo alikuwa amesimama mzima, mkia juu.

Nilikiondoa kile kiwavi kwa pensi.

Profesa alitoa kioo chake cha kukuzia. Alimtazama Katembo muda mrefu, akahama upande, akatazama tena. Alipoinua kichwa, macho yalikuwa na maji. "Anatembea na siafu," akasema. Hakuwa anauliza. Kisha akageuza sindano. "Etiketi iko wapi, Mama?"

"Nimeichoma."

Aliweka kioo chake mezani. "Basi tuandike Beni. Ndipo nilipompokea. Na nitatia jina langu, maana lazima pawe na jina."

Nikafunga kisanduku, nikakiweka magotini.

"Mama, ndege haingoji."

"Hakushikwa Beni. Ukiandika Beni, batu bataenda kumutafuta Beni miaka mia moja, hawatamuona, batasema Shefu alikuwa muongo."

"Na wewe unakumbuka alishikwa wapi? Umesoma mpaka wapi?"

"Mwaka wa nne wa msingi. Uliza."

Akauliza. Nikampa wote watano, kuanzia Paluku, mistari mitatu kila mmoja, nchi, mahali, mita, tarehe. Alisema wale wanne wamekwisha, hakuna haja. Nikamwambia wamekufa lakini walizaliwa, akae asikilize. Kisha nikampa yale ya maandishi yaliyopotea: pembe vipande kumi na kimoja, cha mwisho kirefu kama viwili, ganda rangi ya karanga ya ndani, iliyoungua kidogo, uume kama mtungi, ndoano mbili mdomoni, ya kushoto fupi. Hapo Profesa alikuwa amekwisha kuchukua kalamu na alikuwa anaandika haraka kama mwanafunzi.

Nilipomaliza, alikata kikaratasi kwa mkasi, akachovya kalamu ya wino, akanisukumia mimi.

"Andika wewe. Mwandiko wa aliyekuwepo."

Niliandika herufi ndogo kadiri nilivyoweza. Mstari wa kwanza: Zaïre, Kivu ya Kaskazini. Wa pili: Kasugho, mgongo wa mlima, mita 1,840, na tarehe. Wa tatu ni jina la mkono uliomshika.

Nikaandika: A. Kitsa.

Profesa alipuliza wino, akaichoma etiketi chini ya Katembo, akaondoka naye.

Safari na Radi nimewataja. Safari yuko hai, Butembo, ana nyumba ya ghorofa, kanisani anakaa benchi la mbele. Mara moja alinishika mkono baada ya misa: "Kahindo, ilikuwa vita." Nilimwambia, "Vita haina sahihi yenye mkia." Radi nasikia alipandishwa cheo. Basi na mimi nijitaje. Wanne niliwaua kwa samaki. Na mstari wa tatu wa Katembo ni uongo. Shefu alikuwa amelala na malaria, mkono ulikuwa wangu. Lakini mtu yule hakupewa kaburi wala msalaba, na mimi nilikuwa na kikaratasi kimoja tu.

Miaka baadaye Profesa alinitumia kijitabu na picha. Katembo yuko Ulaya katika droo, na etiketi nyekundu ya holotype. Jina lake la Kilatini Profesa alilichukua kutoka jina la mkubwa fulani wa huko aliyemsaidia kupata chumba. Nilichukua kioo nikatazama picha, chini ya nyekundu ile, nikaona mwandiko wa mwaka wa nne wa msingi, herufi K imeinama kidogo. Niliitazama mpaka mchana ukaisha.

Kituo kilifungwa vitani, hakikufunguliwa tena. Niliuza maharagwe, macho yakaanza kuchoka, watoto wakaniambia mama, pumzika. Ule mgongo wa mlima wamekata miti, sasa ni mihogo. Profesa aliandika katika kijitabu kwamba mmoja tu anajulikana, na kwamba mmoja hatoshi kusema namna yake bado inaishi.

Kwa hiyo kila kiangazi, njia ikiwa na amani, napanda lori la Kasugho. Katekista wa sasa ni mtoto wa yule wa zamani, ananipa kitanda. Nakwenda mpaka pale msitu uliporudi nyuma, natafuta siafu, nainama. Watu wa mashamba wanacheka bibi anayekimbilia kile wanachokikimbia. Bado nashangaa vile vile: jeshi zima linapita, na labda katikati yake kuna mmoja mwenye koti fupi, hana silaha, hakuna anayemgusa. Bado sijamwona. Lakini kalamu ninayo, na kikaratasi nimekwisha kukikata. Wa sita kwetu anaitwa Mbusa. Na mstari wake wa tatu nitauandika jinsi itakavyokuwa siku ile.